Jeneriki au "orijino"? Tuanze na chupa iliyoko dirishani

"Habari za kazi, mfamasia. Mwanangu ana miaka mitano, kilo 18. Alianza kuumwa sikio, zahanati wakampa amoksilini siku tano. Ikapungua, kisha homa ikarudi na sikio likaanza kutoa majimaji. Tukaenda hospitali, daktari akaandika Augmentin 457, mililita 5 asubuhi na jioni, siku kumi. Duka la kwanza walikuwa na Augmentin yenyewe, chupa Sh 32,000, na zinatakiwa chupa mbili. Nikaenda duka jingine, nikapewa chupa mbili za kampuni ya India, Sh 11,000 kila moja. Muuzaji akasema ni kitu kilekile. Unga wa chupa zote mbili niliuchanganya siku ileile kwa maji ya kuchemsha yaliyopoa ili nisihangaike tena. Friji hatuna, chupa nimezipanga dirishani jikoni. Leo ni siku ya nne, dozi ya asubuhi ameshapata. Homa imekata toka juzi na sikio halimuumi kama mwanzo, ila anaharisha mara tatu hadi nne kwa siku, na dawa yenyewe akiionja anataka kutema. Jirani yetu anasema jeneriki ni dawa za kubangaiza, zina nguvu nusu, nikanunue orijino nianze dozi upya. Baba yake anasema hela hiyo hakuna. Je, nimemponza mtoto kwa kubana matumizi?"

Mama, pole na kuuguza. Hapana, hukumponza kwa kununua jeneriki, yaani dawa ileile iliyotengenezwa na kampuni nyingine. Lakini katika maelezo yako kuna mambo mawili uliyoyataja kama ya kupita tu, nami ndiyo yaliyonifanya nirudie kusoma: chupa zote mbili zilichanganywa siku moja, na zinakaa dirishani. Ningekuwa jirani yako ningeuliza hayo kabla ya kuuliza dawa imetoka nchi gani.

Kwa hiyo, kabla hujamaliza kusoma, la kufanya leo ni hili. Usianze dozi upya, na usiikatishe. Nunua chupa moja mpya ya nguvu ileile, 457, na dozi ya jioni ya leo itoke humo. Hesabu inakuangukia vizuri: siku kumi ni dozi ishirini, ameshameza saba, zimebaki kumi na tatu. Kumi na tatu mara mililita 5 ni mililita 65, na chupa ya kawaida ya 457 ina mililita 70. Chupa moja itakufikisha mwisho. Inaweza kuwa ya jeneriki ileile ya Sh 11,000. Ukishindwa kuipata leo, usiruke dozi ya usiku. Mpe iliyopo, kesho asubuhi uwe dukani.

Sasa tuzungumze sababu, maana nikikuacha na amri tu, jirani atakuja kesho na lingine.

Augmentin ni jina la biashara. Ndani yake kuna dawa mbili. Ya kwanza ni amoksilini, ileile aliyopewa mwanao zahanati. Kazi yake ni kumzuia bakteria asijenge ukuta wake. Akikosa ukuta anapasuka na kufa. Tatizo ni kwamba baadhi ya bakteria wa masikio, mapafu na ngozi wamejifunza kutengeneza kimeng'enya kinachoikata amoksilini kabla haijafika. Huenda ndicho kilichotokea raundi ya kwanza: dawa ilimezwa vizuri, ikafika sikioni, ikakatwakatwa.

Hapo ndipo inapoingia dawa ya pili, asidi ya klavulaniki, ambayo sisi wa dukani tunaiita klavulaniti kwa ufupi. Hii peke yake karibu haiui kitu. Ni chambo. Kimeng'enya kinaidaka kikidhani kimepata amoksilini nyingine ya kukata, kinanasa, hakiwezi tena kuiachia. Amoksilini inapita ikiwa salama. Wanasayansi wa kampuni ya Beecham huko Uingereza waliipata miaka ya 1970 kutoka kwa bakteria wa udongoni aitwaye Streptomyces clavuligerus, ndiyo maana ya hilo jina gumu. Clavuligerus kwa Kilatini ni mbeba virungu, kwa jinsi vichipukizi vyake vinavyoonekana kwenye hadubini. Mwaka 1981 mchanganyiko huo ukaingia sokoni Uingereza kwa jina la Augmentin. Beecham baadaye ikaungana na nyingine na nyingine tena, na tangu mwaka 2000 ni GlaxoSmithKline, kwa kifupi GSK.

Kampuni inayovumbua dawa hupewa hataza, yaani haki ya kuwa peke yake sokoni kwa muda. Muda huo ukiisha, na wa Augmentin uliisha zamani, kiwanda kingine kinaruhusiwa kutengeneza dawa hiyohiyo na kuiuza kwa jina la dawa lenyewe au kwa jina lake kipya. Hiyo ndiyo jeneriki. Ni rahisi kwa bei kwa sababu mtengenezaji harudii majaribio ya miaka mingi kwa maelfu ya wagonjwa kuthibitisha kwamba amoksilini na klavulaniti zinatibu. Hilo lilishathibitishwa. Tena wanashindana viwanda vingi, na ushindani sokoni unashusha bei ya dawa kama unavyoshusha bei ya nyanya. Unafuu huo hautokani na kupunguza dawa.

Anachotakiwa kuthibitisha mwenye jeneriki ni mambo mengine. Kwanza, kwamba ndani ya chupa mna kiasi kilichoandikwa. Pili, kwamba dawa yake inaingia kwenye damu kama ya kwanza inavyoingia. Hili la pili hupimwa kwa kuchukua watu wazima wenye afya, mara nyingi dazeni mbili au tatu. Mtu anameza ya kampuni moja, wanamtoa damu saa baada ya saa, wanapima dawa imepanda kiasi gani na imekaa muda gani. Baada ya siku kadhaa mtu yuleyule anameza ya kampuni ya pili, wanapima tena. Michoro miwili inawekwa juu ya mwenziwe.

Maneno ya "nguvu nusu" nadhani yamezaliwa hapa. Kanuni inasema matokeo ya ulinganisho huo lazima yaangukie kati ya asilimia 80 na 125. Watu wakasikia "80" wakaelewa kwamba jeneriki inaruhusiwa kupunguza dawa kwa asilimia 20. Sivyo. Si wastani tu unaotakiwa kuwa ndani ya mipaka hiyo. Ni kipimo pamoja na shaka yake yote, juu na chini. Dawa iliyopungua kweli kwa asilimia 20 haiwezi kupita. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliwahi kukusanya tafiti 2,070 za aina hii, za kati ya mwaka 1996 na 2007, ikalinganisha jeneriki na dawa za awali. Tofauti ya wastani ya kiasi kilichoingia mwilini ilikuwa takriban asilimia 3.5. Kijiko cha chai cha nyumbani kwako kinaweza kukosea mara kadhaa zaidi ya hapo, na ndiyo maana nakusihi utumie kikombe chenye alama kilichokuja na chupa, au bora zaidi, bomba la sindano lisilo na sindano. Mililita 5 ziwe 5.

Na hilo la "dawa za India" tulimalize. Huko Marekani kwenyewe, takriban dozi tisa katika kila kumi zinazotolewa kwa cheti cha daktari ni za jeneriki, na nyingi zinatoka viwanda vya India. Hapa kwetu Tanzania dawa unazopewa hospitali ya serikali, zile zinazoletwa na Bohari ya Dawa, kwa sehemu kubwa ni jeneriki. Zimeponya wengi, akiwemo pengine huyo jirani.

Kuna dawa ambazo mimi mwenyewe sipendi mgonjwa arukeruke kutoka kampuni moja kwenda nyingine bila daktari kujua: warfarini ya kuzuia damu kuganda, fenitoini ya kifafa, takrolimasi ya waliopandikizwa figo, levothairoksini ya tezi ya shingo. Hizo nafasi kati ya kidogo mno na nyingi mno ni nyembamba. Amoksilini na klavulaniti hazimo katika kundi hilo. Nafasi yake ni pana. Tena dawa za jamii ya penisilini, amoksilini ikiwemo, haziui bakteria kwa kupanda juu sana kwenye damu. Zinaua kwa kukaa muda mrefu juu ya kiwango fulani. Kwa lugha ya nyumbani: saa ndiyo inayotibu. Mtoto aliyepewa jeneriki saa moja asubuhi na saa moja jioni kila siku yuko pazuri kuliko aliyepewa orijino asubuhi, jioni akasahauliwa kwa sababu alilala mapema.

Sasa nikwambie upande ambao jirani yako ana hoja, kwa kuwa hakutoa wasiwasi wake hewani. Dawa mbovu zipo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kumi za tiba ni bandia au duni, na dawa zilizoripotiwa zaidi zilikuwa za malaria na za kuua bakteria. Ila tusichanganye maneno matatu. Jeneriki ni dawa halali ya mtengenezaji mwingine. Duni ni dawa halali iliyotengenezwa au kutunzwa vibaya. Bandia ni uongo mtupu ndani ya boksi. Na mwongo wa bandia anaweza kuiga boksi lolote, la Sh 11,000 au la jina kubwa lenye bei kubwa. 

Viwanda navyo hukosea, vya pande zote mbili. Mwaka 2013 tawi la Marekani la Ranbaxy, kampuni ya jeneriki kutoka India, lilikiri makosa mahakamani huko Marekani kuhusu dawa zisizokidhi viwango, na malipo yote yakafika dola milioni 500. Ukisimuliwa hiyo, simulia na ya miaka mitatu nyuma yake: mwaka 2010 GSK, wenye Augmentin haohao, walikubali kulipa dola milioni 750 kwa matatizo ya ubora katika kiwanda chao cha Puerto Rico. Jina kwenye boksi halikulinda mtu katika kesi hata moja. Kilicholinda ni watu wa ndani waliofichua, na wakaguzi waliofuatilia. Kwa hiyo swali lako dukani lisiwe "hii ni orijino?" bali "hii imesajiliwa?" Orodha ya dawa zilizosajiliwa nchini ipo wazi kwenye tovuti ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Hiyo mamlaka, ilipokuwa bado inaitwa TFDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu katika vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya usimamizi wa dawa, mwaka 2018. Kenya wana Bodi ya Famasia na Sumu, Uganda wana mamlaka yao ya dawa. Nunua kwenye duka lenye kibali ukutani, si kwenye begi la mtu stendi. Na risiti uichukue. Siku dawa ikikutia shaka, risiti na namba ya bechi ndivyo vinavyoturahisishia kuifuatilia.

Lakini hata dawa iliyopita kila ukaguzi inaweza kuharibikia njiani. Nilipokuwa bado kijana kwenye duka moja, mzigo wetu ulishushwa stendi Ijumaa mchana, ukakaa juani hadi mtu wa kuuchukua alipotoka msikitini na kula na kusalimiana. Jioni nilipofungua nilifanya kitu ambacho nawe fanya leo: nilichukua chupa ya unga, nikaigeuza kichwa chini, nikaigonga taratibu kwenye kiganja. Unga mzuri unateleza wote, kama unga wa ngano mkavu. Chupa kadhaa zilikuwa zimeganda donge, halitikisiki. Unyevu na joto vilikuwa vimeingia. Bosi hakufurahi nilipokataa kuzipanga rafuni. Na nikwambie, zile zilizoganda zilikuwa mchanganyiko: za bei rahisi zilikuwemo, na ya jina kubwa ilikuwemo. Jua halisomi lebo.

Sasa turudi dirishani.

Katika hizo dawa mbili ndani ya chupa, amoksilini ni mvumilivu kiasi. Klavulaniti ni mtoto wa watu: haipendi unyevu, haipendi joto. Ndiyo maana inauzwa ikiwa unga mkavu, na vidonge vyake hufungwa kwenye karatasi nzito ya aluminiamu. Ukishatia maji, saa imeanza kuhesabu. Maelekezo ya kawaida yanasema iwekwe kwenye friji na baada ya siku saba imwagwe, hata kama imebaki. Ikikaa kwenye joto la jikoni, inayopotea kwanza ni ile klavulaniti, yaani chambo. Unabaki na chupa ambayo ndani yake amoksilini bado ipo, lakini ulinzi wake umepungua. Na amoksilini peke yake ndiyo iliyoshindwa raundi ya kwanza! Umelipia dawa mbili ndani ya chupa moja, na dirisha linakurudisha taratibu kule zahanati.

Zitazame hizo chupa. Dawa hii ikichanganywa huwa nyeupe au nyeupe inayokaribia krimu. Kama sasa imekuwa ya njano iliyokolea au ina dalili ya ukahawia, imekwisha kazi. Kama bado ni nyeupe, usifarijike sana, maana kupungua kwa nguvu hakuonekani kwa macho. Ile ya pili ambayo hujaifungua tena tangu uichanganye, ungefika kuitumia siku ya nane, imeshavuka siku saba hata kama ingekaa kwenye friji ya hoteli. Kosa hilo si lako peke yako, aliyekuuzia chupa mbili alitakiwa akwambie, "Hii changanya leo, hii iache kavu mpaka ile iishe." Sentensi moja tu, na haichukui hata nusu dakika.

Chupa mpya ukiipata, itikise kwanza ikiwa kavu. Tia maji yaliyochemshwa na kupoa kabisa hadi kama nusu ya alama, tikisa sana, acha povu litulie, kisha ongeza hadi alama yenyewe. Wengi wanatia yote mara moja, povu linawadanganya, dawa inakuwa nyepesi au nzito kuliko inavyotakiwa. Kila kabla ya kumpa, tikisa tena.

Kuhusu friji: kama huyo jirani anayo, muombe hifadhi ya chupa kwa wiki moja, mtamalizia mazungumzo hukohuko. Mwenye duka la soda pia anaweza kukusaidia kama hafungi kabla ya saa ya dozi. Isiwekwe kwenye sehemu ya kugandisha barafu. Pasipokuwa na friji kabisa, tumia mtungi wa udongo usiopakwa rangi: chini mchanga uliolowanishwa, chupa iliyofungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, kitambaa kibichi juu, mtungi kivulini panapopita upepo. Haulingani na friji, lakini unalishinda dirisha mbali sana. Njia nyingine ni kumuuliza mfamasia kama ana vidonge vya kuyeyusha vya dawa hiihii kwa watoto. Kila kidonge kinakaa kikavu ndani ya karatasi yake hadi dakika ya kumpa, unakiyeyusha kwenye maji kidogo. Kwa nyumba isiyo na friji, mimi ningevipenda kuliko chupa yoyote, ya jina lolote. Vipimo vyake vinaweza visiwe sawa na 457, basi hesabu ya vidonge ifanywe na mfamasia au daktari kwa uzito wa mtoto, msikadirie.

Kuharisha. Hapa jeneriki inasingiziwa. Dawa hii inasumbua matumbo, na inayochokoza zaidi ni klavulaniti. Orijino nayo inaharisha watoto vilevile, imeandikwa kwenye karatasi yake ya maelezo. Ukinunua ya Sh 32,000 kwa sababu ya kuharisha, kuna uwezekano mkubwa ukahamisha pesa na usihamishe kuharisha. Jaribu kumpa dawa anapoanza tu kula, si tumbo likiwa tupu. Hupunguza kero, na klavulaniti huingia vizuri zaidi kukiwa na chakula. Mpe maji ya chumvichumvi, ile ORS ya pakiti, kila baada ya choo cha maji, na uliza kituoni kuhusu zinki. Chakula aendelee kula kama kawaida. Dawa za kufunga tumbo za watu wazima usimpe.

Kutema ndiko kunanigusa zaidi, kwani ni tofauti halisi kati ya kampuni na kampuni. Sheria inadai dawa iwe ileile, haidai ladha iwe ileile. Moja inawekwa ladha ya chungwa, nyingine ndizi, nyingine ina uchungu unaobaki ulimini hata mtu mzima akunje uso. Dozi iliyoishia kwenye kanga ya mama haijatibu sikio. Tumia lile bomba, uelekeze ndani ya shavu na siyo katikati ya ulimi, kidogo kidogo, kisha mara moja kijiko cha uji au kipande cha ndizi. Usiimimine kwenye glasi nzima ya juisi. Akiacha nusu glasi ameacha nusu dozi. Ukijaribu hayo na bado ni vita kila jioni, basi hapo nakubali: badili kampuni. Inaweza kuwa jeneriki nyingine yenye ladha tofauti, na kama mfuko unaruhusu na mtoto anaipenda ile ya jina kubwa, nunua kwa sababu hiyo bila kujilaumu. Kubadili katikati ya dozi hakuna ubaya alimradi nguvu ni ileile. Hesabu ya siku inaendelea, hairudi mwanzo.

Nimesema "nguvu ileile" mara kadhaa kwa makusudi. Hapo ndipo wauzaji wanapokosea kweli, na kosa hilo lina madhara kuliko suala zima la jeneriki. 457 maana yake ni amoksilini 400 na klavulaniti 57 katika kila mililita 5. Ipo 228, ambayo ni 200 na 28.5, kwa hiyo mtu akikupa hiyo na kukwambia umpe mililita 5 zilezile, mtoto anapata nusu. Hapo ndipo "nguvu nusu" inapokuwa kweli! Zipo pia 156 na 312, ambazo zimechanganywa kwa uwiano mwingine na hupangiwa mara tatu kwa siku. Hizo hazibadilishani na 457 kwa kuongeza au kupunguza mililita. Na amoksilini ya kawaida si jeneriki ya Augmentin, kwa kuwa haina klavulaniti. Ampiclox nayo ni kitu kingine kabisa, ampisilini na kloksasilini. Muuzaji akikwambia "chukua hii, ni jamii ileile," muombe akuoneshe kwenye boksi maneno mawili: amoksilini na klavulaniti, na namba mbili, 400 na 57.

Kwamba homa imekata siku ya pili na maumivu yamepungua ni habari njema, na mimi naisoma hivi: dawa uliyonunua ilikuwa dawa. Nguvu nusu haishushi homa hivyo baada ya raundi iliyoshindikana, ingawa nakubali masikio mengine hupona yenyewe na siwezi kuapa. Ninachotaka ni siku zilizobaki zisiharibiwe na joto.

Yapo ambayo mimi wa kuandika siwezi kuyamaliza, inabidi mtoto aonwe. Homa ikirudi, au maumivu yakizidi baada ya siku mbili za chupa mpya, mrudishe kwa daktari, usiongeze dozi nyumbani. Nenda siku hiyohiyo, hata usiku, ukiona uvimbe au wekundu nyuma ya sikio, sikio likisukumwa mbele, shingo kukakamaa, kutapika mfululizo, usingizi usio wa kawaida au upande wa uso kulegea. Kuharisha kukiwa na damu, macho yakidumbukia, akikaa saa nyingi bila kukojoa au akishindwa kunywa, hiyo pia ni ya kwenda leo. Akitoka vipele vya ghafla pamoja na kuvimba midomo au kupumua kwa shida, acha dawa papo hapo na mkimbize. Huo ni mzio wa penisilini, na orijino ingefanya vilevile. Macho yakigeuka njano wakati wa dawa au wiki chache baada yake, wajulishe hospitali jina la dawa hii.

Sikio lenyewe liache kavu. Msitie mafuta, maji ya kitunguu, wala maziwa ya mama, hata kama bibi anasisitiza. Futa kinachotoka nje tu kwa kitambaa safi. Majimaji yakiendelea kupita wiki mbili, au ukaona anaongeza sauti ya televisheni na kutoitika akiitwa kwa nyuma, hilo si la kununua chupa ya tatu. Linahitaji daktari achungulie kiwambo cha sikio, na hata yasipotokea hayo, mwambie akichungulie mara moja dozi ikiisha.

Zile chupa mbili za dirishani nenda nazo dukani leo. Wakupokelee wazitupe inavyotakiwa, usimwekee mdogo wake wala usizimwage chooni. Na hiyo mpya muombe mfamasia akuchanganyie palepale kaunta ukiona, kisha aandike kwenye lebo, kwa kalamu, tarehe ya leo na tarehe ya kuimwaga.